Muuza maji wa Igombe anayejifunza kiu

Saa saba mchana, Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Jua limekaa utosini na mawe makubwa ya kilimani yanarudisha joto usoni kama mafiga. Paskazia Bwire anasukuma baiskeli yake kupandisha mlima, madumu matano ya maji ya ziwa yamefungwa kwa mipira ya tiubu, mawili kila upande na moja juu ya keria.

Dumu la juu linavuja kidogo kwenye kizibo. Maji yanachuruzika hadi mkononi mwake, naye anayafuta kwenye kitenge bila hata kuyatazama. Midomo yake imekauka na kupasuka.

"Mama Modesta, si unywe?" mteja mmoja anamwambia akipokea dumu lake mlangoni. "Mtu unatembea na kisima halafu unakufa kiu!"

"Bado," anajibu kwa sauti iliyokwaruza. "Mpaka jua lizame."

Si Kwaresima, na Paskazia ni Mkatoliki tangu Nansio alikozaliwa, kwa hiyo Ramadhani pia haimhusu. Mama huyu wa miaka 54, ambaye amekuwa akiuza maji kwa baiskeli kwa miaka kumi na tisa, anajifunza kiu.

Mwandishi wa makala haya amekutana na watu wanaojifunza udereva, ushonaji na hata kinanda cha kanisani. Mtu anayejifunza kiu, tena akiwa amebeba lita mia moja za maji na ziwa zima likiwa nyuma yake, hajawahi kumwona. Alisimama pale njiani na daftari lake mkononi, akamtazama.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," Paskazia alimwambia. "Nina safari."

Safari yenyewe ndiyo iliyomfikisha mwandishi Igombe, baada ya kusikia watu wakiibishania sokoni. Mwisho wa mwezi huu wa nane, Paskazia anakusudia kupanda baiskeli yake kutoka Igombe, apite Magu, akunje kwenda Ngudu na Malya, afike Maswa, ashuke Lalago hadi Mwanhuzi, kisha aendelee kusini kuelekea mto Sibiti. Huko mbuga inanyooka, vijiji vinaachana, na wakati wa kiangazi mito inabaki mchanga mtupu. Ni zaidi ya kilomita mia tatu.

Kwenye keria atafunga dumu moja la maji ya ziwa. Maji hayo hayatanyweka njiani, si na yeye wala na mtu mwingine yeyote. Yanakwenda kumwogesha mjukuu wake.

Mtoto anayeitwa Mgeni

Katika ukoo wa Paskazia, mtoto hapewi jina mpaka akalishwe ndani ya maji ya ziwa. Bibi yake mzaa mama ndiye anayemshika, anamkalisha hadi kiunoni, anamwagia maji mabegani na kulitamka jina. Paskazia alikalishwa hivyo na bibi yake. Naye ana watoto wanne, wote walikalishwa ufukweni na mama yake, Bibi Justa, mwanamke ambaye huko Nansio aliendesha baiskeli yenye samaki wakati wanawake wengine wakiogopa hata kuishika.

"Yeye ndiye aliyenifundisha baiskeli," anasema Paskazia. "Alinikalisha juu, akanisukuma kwenye mteremko, akaniambia usipige kelele, kanyaga."

Bibi Justa alifariki miaka mingi iliyopita. Sasa zamu ya kumkalisha mtoto majini ni ya Paskazia, na hapo ndipo lilipo tatizo. Binti yake wa kwanza, Modesta, ameolewa na Luhende, mfugaji wa huko mbugani, na mwaka huu amejifungua mtoto wa kike. Mtoto ana miezi saba. Hajaona ziwa, na hana jina.

Kwa wakwe nako wana yao. Kwao, mtoto asiye na jina hatoki bomani kwenda safari ya mbali. Kwa Paskazia, mtoto ambaye hajaguswa na maji ya ziwa hapati jina. Basi mtoto amekaa katikati, hana pa kwenda. Nyumbani wanamwita Mgeni.

"Miezi saba mtu anaitwa Mgeni!" Paskazia anasema, na kwa mara ya kwanza macho yake yanalengwa na machozi. "Akilia usiku unamwambia nini? Nyamaza, mgeni?"

Mume wake, Antoni, fundi wa kushona nyavu, anamsikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda na uzi mdomoni. Anautoa uzi ili aweze kushangaa vizuri.

"Nimemwambia, mama Modesta, chukua maji kwenye chupa ya soda, panda basi, nenda, rudi. Tumalize."

"Chupa ya soda ni ya kumwogesha kifaranga," Paskazia anamjibu. "Na habari ya basi usinitajie."

Rejeta

Habari ya basi ni hii. Mtoto alipofikisha miezi miwili, Paskazia alijaza dumu safi, akaziba kizibo kwa nailoni na kulipeleka stendi ya mabasi Mwanza. Alimkabidhi konda wa basi linalopita Mwanhuzi, kijana aitwaye Oyoo, akamweleza kinagaubaga kwamba haya ni maji ya jina la mtoto. Modesta angeyapokea barabarani, maana basi haliingii kijijini kwao.

Siku mbili baadaye Modesta alipiga simu. Alisema basi lilichemka njiani na dereva akayamimina maji yote kwenye rejeta.

Paskazia anasimulia jambo hilo mpaka leo akiwa amesimama. Hawezi kulisimulia akiwa amekaa. Siku ile ile alikwenda stendi, akaingia ndani ya basi lililojaa abiria, akamwita Oyoo mwizi wa maji na jina.

"Akaniambia, mama, dumu lako nilimkabidhi binti yako mkononi, alikuwa na mtoto mgongoni. Ananiangalia machoni kabisa! Nikamwambia wewe ni muongo, na aliyekuzaa ana hasara. Nikashuka."

Tangu siku hiyo aliapa kwamba maji yale atayapeleka mwenyewe, tena kwa baiskeli. Basi linaweza kuchemka tena, anasema, na dereva akimwomba maji mbele ya abiria hamsini atajibu nini? Baiskeli haina rejeta.

Maandalizi yamepamba moto. Ukutani kuna tiubu mbili mpya, pachi na gundi, pampu, spoku za akiba na mnyororo uliopakwa mafuta ya kula kwa sababu grisi iliisha. Malazi ameyapanga kwa akina mama wa jumuiya za kanisa, kila kituo na mwenyeji wake. Chakula kitakuwa dagaa wakavu na unga.

Lililobaki ni maji yake mwenyewe ya kunywa. Dumu zima la ziada lingemlemea kwenye mchanga, na aliambiwa huko hakuna bomba wala kisima cha karibu. Ndipo akapata wazo lililomfanya mwandishi nusura aanguke kwenye kiti chake.

Luhende alipokuja kujitambulisha Igombe alikaa siku nne. Paskazia alimwekea jagi la maji kila asubuhi. Kijana alikunywa kikombe kimoja kidogo, akashukuru, na jagi likabaki limejaa mpaka jioni. Siku nne hivyo hivyo, katika joto la mwezi wa kumi.

"Nikasema, kumbe watu wa kule miili yao imefundishwa," anaeleza. "Hawanywi. Kikombe kimoja kinamtosha mtu siku nzima. Sasa kama wao wamejifunza, mimi nitashindwaje?"

Antoni naye aliona. "Kijana alishinda juani ananisaidia nyavu, hana hata dalili ya kiu. Nilimshangaa sana."

Kwa hiyo Paskazia amekuwa akijifundisha. Wiki ya kwanza aliacha maji ya asubuhi, wiki ya pili aliacha na ya mchana. Sasa yuko wiki ya tatu. Anakunywa kikombe kimoja tu, jua likizama, na katikati anapanda na kushuka mlima na mzigo wake.

Mwandishi alimwambia kwa adabu zote kwamba hilo linaweza kumuua. Paskazia alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua baiskeli.

"Ukianza kuendesha si unaanguka?" alisema. "Halafu unazoea."

Anaanguka

Siku ya pili, mwandishi alimfuata mlimani tangu asubuhi. Ilikuwa safari ya nne ya siku hiyo. Paskazia alikuwa akizungumza juu ya barabara ya Lalago, akasema neno "Lalago" mara mbili, mara tatu, kisha akanyamaza. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

Akaanguka. Baiskeli ilimfuata, mipira ikakatika, madumu yakapasuka, na lita mia moja za maji zikateremka juu ya mawe zikipita kando ya uso wake. Mwandishi aliona midomo yake ikigusa maji yanayopita, na mwanamke yule, hata akiwa hajitambui sawasawa, akaifunga.

Miaka mingi ya uandishi haikumwandaa kuona kitu kama hicho. Kama si wanawake waliokuwa wakifua pale juu waliokuja mbio, angebaki amesimama tu.

Walimpakia kwenye baiskeli yake mwenyewe, wakamshikilia huku na huku, wakamteremsha hadi zahanati. Muuguzi alimpima, akamtundikia dripu, akauliza alikuwa akiumwa nini. Antoni, aliyefika akitweta na nyavu bado begani, alieleza ukweli.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Anajifunza nini?"

"Kiu," Antoni alirudia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mungu wangu. Hapa? Igombe?" Muuguzi alitazama dirishani, ziwa likiwa hapo hapo nyuma ya miti. "Baba, figo hazifundishwi. Ukizinyima maji zinakufa, basi. Mngemzika, halafu mngemwambia nani kwamba alikuwa mafunzoni?"

Antoni alikaa kwenye benchi, akashika kichwa.

Waliomleta mgonjwa walikuwa bado mlangoni. Mmoja wao alikuwa Kashindye, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa vijiji vya Mwanhuzi, ambaye huuza michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Igombe. Alikuwa amesikiliza mazungumzo yote mkono ukiwa mdomoni. Mgonjwa alipofumbua macho, Kashindye alisogea kitandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nisamehe nikuulize. Nani kakwambia sisi hatunywi maji?"

Paskazia alimweleza habari ya mkwe wake, jagi na kikombe kimoja. Kashindye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga kofi moja la nguvu, akainama, na kila mtu akadhani analia.

"Mayo wane, mama yangu!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Mama, alikuwa anaona haya! Kwetu kijana hawezi kula na kunywa hovyo mbele ya mama mkwe. Ukimwekea jagi, anakunywa tone la heshima tu. Hata angekuwa ametoka kuchimba kisima, asingegusa la pili!"

 Dripu iliendelea kudondoka.

Antoni aliinua kichwa polepole. "Kila jioni alikuwa anaaga anakwenda ziwani kuoga," alisema. "Anakaa huko mpaka giza. Anarudi tumbo limetuna. Nikasema labda anakula samaki wabichi."

"Alikuwa anakunywa ziwa!" Kashindye alisema. "Sisi ndio tunaokunywa, mama. Ukifika penye maji kwetu unakunywa mpaka unayasikia hapa." Aligusa koo lake. "Hujui kesho utayakuta wapi. Nyie wa ziwani ndio hamnywi. Mnajua yapo tu."

Mwandishi alikumbuka kwamba na yeye hajaonja maji tangu asubuhi. Alitoka nje kimya kimya kutafuta.

Aliporudi, kicheko kilikuwa kimekwisha na Kashindye amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Na jambo lingine, mama. Ukipita kwetu na dumu kwenye keria, wataliona. Watoto wataliona, wazee wataliona. Watakuomba. Utamnyima nani?"

Paskazia alijiinua kwenye kiwiko. Katika miaka kumi na tisa ya kuuza maji kwa shilingi mia tatu au mia nne, watu wamemkopa, wamemzungusha, wamempunja. Kumwomba maji ya kunywa kwa sababu hawana, hajawahi kuombwa hata siku moja. Alikuwa amepanga dawa ya pancha, dawa ya mnyororo na dawa ya kiu. Hilo halikumpitia akilini.

Simu ya Modesta

Antoni ndiye aliyempigia binti yao. Alitaka tu kumjulisha kwamba mama yake yuko zahanati na safari imekufa. Aliweka sauti kubwa ili mgonjwa naye asikie.

"Mama yako ameanguka," alisema. "Alikuwa anajizuia kunywa maji. Anasema ya dumu ni ya mtoto, hataki kiu imshinde ayaguse njiani."

 Upande wa pili zikasikika kwikwi.

"Baba, mwambie asije. Mwambie asije kwa ajili ya hayo maji." Modesta alikuwa analia sana. "Maji yalifika."

"Maji yapi?"

"Ya kwanza. Konda alinikabidhi mkononi. Hayakuingia kwenye rejeta. Tuliyanywa."

 Muuguzi, aliyekuwa anapita na trei, alisimama na trei yake. Mwandishi anakiri kwamba alishtuka kuliko wakati mama alipoanguka.

Modesta aliendelea, maneno yakimtoka mafungu mafungu. Mwaka huu mvua ziligoma, na wiki ile bwawa lilikuwa limebaki tope. Punda waliotumwa maji mbali walichelewa kurudi. Yeye alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikauka kabisa. Mtoto alinyonya hewa na kulia mpaka sauti ikaisha. Siku hiyo hiyo basi likapita, na konda akashusha dumu.

"Nililiweka ndani, baba. Nikalifunika. Nikasema ni la jina. Usiku mzima mtoto analia na mimi nalitazama. Asubuhi nikalifungua. Nikanywa, nikapikia uji, nikanywa tena. Maziwa yakarudi." Alivuta pumzi. "Niliona aibu. Mama ametuma maji ya jina, mimi nimeyapikia uji. Nikasingizia rejeta."

Antoni alimtazama mkewe. Paskazia alikuwa ameketi kitandani, mpira wa dripu ukining'inia mkononi, mkono mwingine umefunika mdomo. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

"Nipe simu," alisema.

"Modesta."

"Abee, mama."

"Ulikunywa wewe mwenyewe?"

"Nilikunywa, mama. Kikombe kimoja nilimpa mama mkwe. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi nashinda nauza maji, watu wanaogea, wanamwagilia maua, wanafyatulia matofali. Mwanangu anakosa ya kunyonyeshea, anaogopa kuniambia!" Hapo sauti ilimkatika, na machozi yaliyokuwa yamekauka na mwili wake yakapata njia. "Nami natuma dumu la kuogea. La kuogea, Modesta!"

Wote wawili walilia kwenye simu kwa muda. Kashindye alijifuta kwa ncha ya khanga. Muuguzi alikwenda kuweka trei, akarudi.

"Mama," Modesta alisema hatimaye, "sasa jina je?"

Paskazia alifikiri. Aliutazama mpira wa dripu, maji yakiingia mkononi mwake tone baada ya tone bila kupita mdomoni.

"Mtoto alinyonya?"

"Alinyonya sana, mama."

"Basi ameshaogeshwa. Sisi tulioga kwa nje, yeye ameoga kwa ndani. Maji ya ziwa yamepita kwako yakaingia kwake. Nani anaweza kumkalisha ndani yake zaidi ya hapo?" Alikaa sawa, akashika simu kwa mikono miwili. "Mwite mama mkwe wako asikie. Mtoto anaitwa Justa."

Simu ikalipuka vigelegele. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, mbali, mbugani, na baada yake nyingine, na nyingine. Antoni aligeuza uso ukutani, mabega yakitetemeka.

Alipogeuka tena alikuwa amejikaza. "Haya," alisema. "Jina limefika. Basi safari imekwisha."

"Imekwishaje?" Paskazia alimshangaa. "Hujasikia habari ya punda waliochelewa na maji?"

Kwenye siti ya mbele

Leo ni siku ya tano tangu aanguke. Saa mbili asubuhi, stendi ya mabasi Mwanza, basi la Mwanhuzi linapakia. Paskazia amevaa kitenge cha kanisani, ingawa leo hasafiri; safari ya baiskeli iko pale pale, mwisho wa mwezi. Antoni yuko nyuma yake, na Kashindye pia, kwa sababu sasa safari ni ya wawili. Kashindye amepata baiskeli ya kaka yake na atampeleka hadi kwa Modesta, akimwonyesha kila penye kisima na kila mlango wa kubisha.

Madumu yatakuwa mawili. Moja ni la njiani, la yeyote atakayeomba. La pili ni la nyumbani kwa Modesta, la kunywa, na likiisha limeisha.

Na kwa kuwa mtoto ana jina, sasa anaruhusiwa kutoka bomani. Mpango mpya ni kwamba Modesta na mwanawe watarudi na basi, waje Igombe, Justa akalishwe ziwani kwenyewe na akae mpaka achoke. Lakini kwa hilo kuna mtu wa kuonwa kwanza.

Paskazia anapanda ngazi za basi. Ni basi lile lile, limejaa vile vile. Oyoo, kijana mwembamba mwenye kofia, anamwona na kurudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo mama," anasema kwa tahadhari.

"Marahaba. Sogea hapa." Anapaza sauti ili hata wa viti vya nyuma wasikie. "Jamani, abiria. Kijana huyu nilimwita mwizi humu humu ndani. Si mwizi. Maji yangu aliyafikisha. Mimi ndiye niliyekosa, na aliyemzaa hana hasara."

Abiria wanacheka, wengine wanapiga makofi bila kujua vizuri wanashangilia nini. Oyoo anavua kofia, anaizungusha mikononi.

"Mama, yameisha," anasema. "Mimi niliumia tu nikikumbuka taabu ya siku ile ya dumu."

"Siku ile ilikuwaje?"

"Basi lilichemka kweli, mama. Mbele ya Lalago. Maji ya akiba yaliisha, dereva akaliona dumu lako, akataka kulifungua. Nikalikalia."

"Ukalikalia?"

"Nililikalia juu, mama. Nikasema haya ni ya jina la mtoto, hayaendi kwenye rejeta. Dereva akanitukana. Tulishuka na ndoo, tukatembea kutafuta maji mpaka jua likaanza kushuka, abiria wote wananilaani. Binti yako nilimweleza nilipomshushia. Nilitaka kukwambia na wewe, hukunipa nafasi."

Paskazia anatafuta pa kushika. Anashika kiti cha dereva. Nyuma yake Antoni anasema "Jamani, jamani," mara kadhaa.

Mtu aliyemtukana mbele ya abiria hamsini ndiye aliyeyalinda maji yaliyomrudishia mjukuu wake maziwa.  

"Mama, kaa," anasema Oyoo, akiogopa ataanguka. Anachukua chupa yake ya maji juu ya dashibodi na kumpa. "Kunywa kidogo."

Paskazia anaipokea. Midomo bado ina makovu ya kupasuka. Anakaa kwenye siti ya mbele na kuanza kunywa, taratibu kwanza, kisha kwa mafunda makubwa, kama Kashindye alivyomfundisha, mpaka chupa inabonyea mkononi mwake na kubaki tupu.

"Mwezi wa kumi utamleta binti yangu na mtoto," anamwambia Oyoo, akijifuta kidevu. "Siti hii hii. Ukimwona mtoto umwite Justa, asikie na kwako."